Pembe Iliyotazama Barabara

Jumamosi iliyopita mlikuwa mmekaa nje kwa kinyozi, redio ndogo juu ya stuli, mkimtukana mtangazaji. Mmoja wenu akasema, "Huyu amelishwa na ile timu nyingine." Mwingine akasema mtangazaji mwenye timu yake afadhali auze viazi. Mimi nilikuwa napita na dawa yangu ya kifua kutoka hospitali. Nikasimama, nikasikiliza, nikaenda zangu. Nimeona niandike tu, maana nikianza kusema kikohozi kinanikata, na hii habari haitaki kukatwa.

Huyo mtangazaji mliyekuwa mkimtukana namjua. Anaitwa Jotham Lusweti. Nilimshikia waya miaka mitatu hapa hapa Nakuru, kabla nyinyi hamjazaliwa, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumtukana ni mimi. Nyinyi ngojeni zamu yenu.

Mimi ni Barasa. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona mahali nimekosea kuandika, someni mbele. Kazi yangu maisha yote ilikuwa betri na spika. Nimestaafu kabla ya wakati kwa sababu mvuke wa asidi umekula kifua. Wenzangu wawili tuliofanya kazi nao kwenye kibanda cha kuchajia betri wameshazikwa, nimebaki mimi. Ndiyo maana nitataja watu kwa majina. Aliyebaki asipotaja, nani atataja?

Wa kwanza aliyenikosea ni karani Festo, aliyekuwa akishika holi ya Waafrika miaka ile ya hamsini. Huyu ndiye alimpa Jotham maikrofoni ya kutangaza mpira. Mimi nilikuwa nimeiomba kabla yake, tena kwa mdomo na kwa barua. Barua niliandikiwa na mtu, lakini ilikuwa yangu. Festo na Jotham walikuwa wakiimba pamoja sauti ya tatu kanisani. Sina la kuongeza hapo.

Wa pili ni Jotham mwenyewe. Wa tatu ni mpiga gita mmoja anayeitwa Shem Lumala, nitamfikia. Huyu hakunikosea kwa kutaka, lakini alinikosea.

Kwanza niwaambie kazi ilivyokuwa, maana siku hizi mnafikiri sauti inatoka tu.

Nilifundishwa na fundi Mohinder, Kalasinga aliyekuwa na duka la redio. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza aliniwekea bakuli mbili, moja ya asidi, moja ya maji, akasema, "Asidi naingia kwa maji. Maji hapana ingia kwa asidi. Wewe nasahau, wewe nakufa." Nilisahau mara moja tu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimevaa suruali yangu ya kanisa, na kufika sala ya pili hiyo suruali ilikuwa na madirisha. Mama mmoja nyuma yangu aliimba akiwa amefunika macho.

Mohinder alinifundisha pia kunusa. Valvu, ile taa ya kioo ndani ya redio, ikitaka kuungua inanuka kabla haijaungua, harufu kama ya nywele kwa makaa. Ukingoja kuona moshi umechelewa. Alinifundisha kufuta vichwa vya betri kila asubuhi, maana upepo ukitoka ziwani unaleta vumbi la magadi, na hilo vumbi na shaba ni maadui. Na akanifundisha jambo ambalo wengi hata leo hawajui: usielekeze pembe mahali maikrofoni ilipo. Tulikuwa tukiziita pembe, zile spika za bati zenye mdomo kama tarumbeta. Pembe ikisikia sauti yake yenyewe inalia. Nilijifunza hiyo kwenye mkutano wa kanisa. Mchungaji alikuwa amefika "Ee Bwana, sikia," na pembe ikapiga yowe, punda wawili wakakata kamba. Hawakuonekana mpaka Jumanne.

Maikrofoni nilikuwa naivisha soksi ya mtoto ili upepo usivume ndani yake. Jotham alikuwa akilalamika kila Jumapili.

"Barasa, hii soksi inanuka."

"Inanuka mdomo wako wa Jumapili iliyopita."

"Fundi, fua soksi."

"Fua maneno kwanza."

Watu walicheka wakidhani tunataniana. Mimi sikuwa natania.

Sasa mpira. Timu zilikuwa mbili za kuongelewa. Karakana walikuwa vijana wa reli, mafundi wa nyundo na grisi. Pareto walikuwa vijana wa kiwanda cha pareto, na nyuma yao walikuwa watu wa mashamba, Njoro, Molo, Elburgon, wote waliochuma yale maua. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, ndugu zangu wote Karakana. Mimi nilikuwa Pareto. Nyumbani waliuliza nimerogwa na nani. Kusema kweli, nilianza kupenda Pareto kwa sababu Jotham alipenda Karakana. Baadaye niliipenda kwa haki, lakini mwanzo ulikuwa huo.

Uwanja ulikuwa na ua wa mabati. Ndani waliingia waliopata nafasi, na nje barabarani walijaa waliobaki, pengine wengi kuliko wa ndani. Hawa wa nje hawakuona kitu. Kwa ajili yao gari la holi lilikuwa na pembe mbili juu, moja imetazama ndani, moja imetazama barabara. Jotham alikaa kwenye meza ng'ambo ya uwanja, chini ya mwavuli, na waya mrefu ulitoka kwake mpaka kwa gari langu karibu na lango. Wa nje waliona mpira kwa mdomo wa Jotham. Kwa hivyo kila Jumapili zilichezwa mechi mbili, moja ya macho na moja ya masikio, na Jumatatu hizo mechi mbili zilikutana kwenye hoteli ya chai mtaani Bondeni na kupigana.

Nakumbuka Kiptoo, mkamuaji wa maziwa, mtu wa Pareto, na Ouma wa Karakana, ambaye hakuwahi kuingia ndani hata siku moja.

"Ule mpira uligonga mwamba," Ouma anasema. "Bahati mbaya tu."

"Mwamba gani? Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli! Mpira ulienda kwa ng'ombe."

"Jotham alisema mwamba."

"Jotham alisema! Ng'ombe mwenyewe alishtuka, muulize ng'ombe."

"Wewe Kiptoo ulikuwa na macho yako mawili. Jotham ana miwani. Nani anaona zaidi?"

Na Jotham akiingia, wote wananyamaza, Ouma anasogea benchi, mama wa chai anamwekea mandazi ambayo hakuagiza. Viatu vyeupe. Kalamu mbili mfukoni, na sikuwahi kumwona akiandika. Wasichana wa shule ya ushonaji wakimsalimia kwa jina lake lote. Mimi nimekaa pembeni na vidole vyangu vyeusi, hakuna anayenisalimia. Fundi wa spika husalimiwa siku spika imekufa.

Wacha niwaambie alivyopendelea, maana alikuwa bingwa. Mchezaji wa Karakana akianguka, "ameangushwa!" Wa Pareto akianguka, "amejikwaa." Karakana wakikosa goli ni bahati, Pareto wakikosa ni ujinga. Kona ya Karakana "inakuja," kona ya Pareto "inapigwa tu." Hata jua, lilikuwa likiwachoma macho Karakana kipindi cha kwanza, na kipindi cha pili wakibadilisha upande, linawachoma tena. Nilikuwa ndani ya gari, mgongo kwa uwanja, natazama sindano ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, na nilijua timu gani ina mpira kwa vile sindano inavyoruka. Karakana wakishambulia nilipunguza sauti isipasue pembe. Pareto wakishambulia niliongeza ili asikike.

Lakini goli alilitangaza kuwa goli. Hilo nampa. Nimeishi na hilo.

Basi mwaka huo Karakana na Pareto wakafika fainali ya kikombe. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, hakuna mkutano bila kibali, na mtu wa shamba hakutoka bila karatasi ya bwana wake. Festo alipata kibali cha mpira na, baada ya mpira, muziki hapo hapo uwanjani, kila kitu kwisha kabla ya jua kutua. Mpiga muziki alikuwa huyo Shem Lumala, kutoka upande wa kwetu magharibi, gita moja tu na sauti. Watu walikuwa wakiimba nyimbo zake bila kumwona.

Na Festo akatuita holini, Jotham na mimi, akasema: "Atakuja bwana mmoja wa redio kutoka Nairobi. Wanatafuta sauti ya kutangaza mpira kwa Kiswahili. Anataka kusikia."

Nikamwambia, "Karani, nipe mimi kipindi kimoja. Jotham kimoja. Mgeni achague."

Festo alicheka, si kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. "Barasa ndugu yangu, mpira utauona wapi na mgongo umeugeuza?"

Jotham akasema, "Mpe siku nyingine, karani." Siku nyingine! Kama mtu anayempa mbwa mfupa kesho.

Wiki hiyo nilitangaza mpira kwenye kibanda cha Mohinder cha kuchajia, peke yangu, kila jioni baada ya kazi. Betri kumi na mbili zilinisikiliza zikichemka. Nilikuwa na maneno yangu, si yale ya Jotham ya kanisani. Maneno ya watu wa kwetu na watu wa mashamba. Mohinder akasimama mlangoni siku moja, akasikiliza mpaka mwisho.

"Barasa, wewe nasema mzuri sana," akasema. "Lakini betri hapana piga makofi."

Hapo ndipo nilipanga. Kulikuwa na amplifaya ndogo ya zamani niliyoifufua kwa ajili ya gita la Lumala, na maikrofoni yake. Kulikuwa na betri mbili nzito: ya kwanza ya mpira, ya pili ya muziki. Nikaamua siku ya fainali nitatoa waya wa pembe ya nje kwenye amplifaya kubwa, niufunge kwa ile ndogo. Ndani watamsikia Jotham. Nje watanisikia mimi. Kuhusu mgeni wa Nairobi, nilijua wakubwa huketi ndani, lakini nilisema habari itamfikia. Watu wa nje wataimba jina langu mpaka aulize ni nani.

Kwa betri gani? Mnauliza vizuri, mnaanza kuwa mafundi. Ile ya muziki. Nilijiambia nitatumia kipindi kimoja tu, itabaki ya kutosha. Kila fundi amejiambia hivyo.

Siku ikafika. Watu walijaa mpaka barabara ikapotea. Lilikuwako lori moja kutoka Njoro, la shamba la bwana mmoja, limejaa wakamuaji na wachumaji wa pareto, limesimama nje nyuma kabisa, wamesimama ndani yake kama mahindi. Nilipanda juu ya gari langu, kati ya pembe mbili, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliutazama uwanja. Firimbi ikalia. Nikafungua mdomo.

Vijana, sijisifu. Ilitoka. Ilitoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Watu wa nje waligeuka wote, wakanitazama juu, na mtu akasema, "Leo si Jotham! Ni fundi!" Winga wa Pareto akachukua mpira pembeni, nikasema, "Anaenda, anaenda kama mtu anayefukuza ndama wake mwenyewe, hana haraka na hatamwacha," na lile lori la Njoro likapiga kelele kwa sababu waliijua hiyo mbio, waliikimbia kila asubuhi. Akafunga. Pareto moja. Nilitangaza goli, nusura nianguke.

Kipindi cha pili Karakana wakasawazisha. Nikalitangaza. Liliniuma kama asidi kwa kidonda, lakini nililitangaza, nikamsifu hata aliyefunga. Nikajiona mkubwa. Nikasema moyoni, Jotham hawezi hivi.

Betri nilishaisahau.

Zikabaki dakika chache. Karakana wakapata kona, mpira ukaelea, kichwa cha mtu wa reli kikaugonga, ukaingia. Ndani palilipuka. Na juu ya kelele nilisikia sauti ya Jotham kwenye pembe ya ndani, kando ya sikio langu, imepanda, inaimba karibu kulia: "Goli! Goli la wazee wa nyundo!" Furaha yote ya dunia ilikuwa kooni mwake. Nikatazama chini. Watu wa nje wote wamenikodolea macho. Mtu mmoja kwenye lori akaweka mikono mdomoni, akaita, "Fundi! Kuna nini?"

Nikasema, "Golikipa wa Pareto ameudaka."

Ndivyo nilisema. Hakuna aliyenilazimisha.

"Mbona wanapiga kelele?"

"Watu wa Karakana wanamlalamikia refa," nikasema.

Uongo wa mpira una miguu yake, ukishauachia lazima uufuate. Golikipa ameudaka, basi lazima aupige. Ameupiga, lazima umwangukie mtu. Ukamwangukia yule winga wangu wa ndama. Nikamkimbiza tena na ndama wake. Nikamvusha watu watatu ambao wakati huo walikuwa wanakumbatiana upande wa pili. Nikampa goli. Lilikuwa goli zuri kuliko yote niliyowahi kuona, na sikuliona. Pareto mbili, Karakana moja.

Barabara ikawa arusi. Na nyapara wa lile lori la Njoro akapiga ubavu wa gari kwa fimbo, maana karatasi zao zilisema wawe shambani saa ya kukamua. Lori likaondoka wakiimba, wanapunga matawi, wananipungia mimi. Nikawapungia.

Firimbi ya mwisho ikalia. Lango likafunguliwa, na Karakana wakatoka wamebeba kikombe.

Sijui kama mmewahi kuona timu mbili zikisherehekea kikombe kimoja. Kwanza kulikuwa na kimya, kama watu wanaosoma barua. Halafu mtu wa nje akasema, "Hicho kikombe mmeiba."

"Tumeiba? Tumeshinda mbili kwa moja!"

"Mbili kwa moja ni sisi! Tumesikia kwa spika ya serikali!"

Kiptoo, aliyekuwa ndani, alijaribu kuwaambia watu wake mwenyewe kwamba wameshindwa, wakamwita msaliti, mmoja akamvuta kola. Matawi yakawa fimbo. Askari waliowekwa kwenye kona ya barabara wakaanza kushuka kwa gari lao, na katika siku zile askari hakuuliza nani alianza. Festo alikuja mbio, jasho linamtoka, kibali mkononi.

"Barasa! Washa spika! Waambie muziki unaanza, waambie watulie!"

Nikawasha. Sindano haikuinuka. Nikabadilisha nikaweka betri nyingine, hiyo ilikuwa imeliwa na mpira wote wa Jotham. Sindano ikatikisika, ikalala. Nilinusa, sikunusa kitu. Betri iliyokufa haina hata harufu.

"Ya muziki iko wapi?" Festo akauliza. Nikajifanya nafuta vichwa vya betri. Akatazama juu ya gari, akaona waya wa pembe ya nje umefungwa mahali si pake. Alielewa kila kitu pale pale. Hakuwa mjinga, Festo, alikuwa mpendeleaji tu.

Sasa Shem Lumala. Alikuwa mtu mfupi, kofia imekaa nyuma ya kichwa. Alikuwa anangoja karibu na gari langu nimpe maikrofoni. Aliniangalia, akaangalia sindano, akaangalia watu, akasema, "Basi." Akapanda meza ya wakata tikiti, katikati kabisa ya wale waliokuwa wakivutana, na akapiga gita bila spika.

Gita bila spika katika umati ule ni kama kupiga chafya wakati wa mvua. Lakini waliokuwa karibu walisikia, wakasema "Sss!" Wa nyuma yao wakataka kujua nini, wakasema "Sss!" Ile "sss" ikaenda kama upepo kwenye ngano mpaka ng'ambo ya barabara. Kelele ikashuka. Mtu alikuwa ameinua tawi ampige Kiptoo, akabaki nalo juu, akisikiliza. Askari wakasimama walipofika. Lumala akaimba kuhusu mtu aliyetuma salamu nyumbani na salamu zikamrudia na vumbi la njiani, na wote pale, wa reli na wa maua, walikuwa watu wenye nyumbani kwingine.

Wa nyuma hawakusikia maneno. Wakaanza kunung'unika tena. Na Jotham, na viatu vyake vyeupe, akapanda juu ya pipa la lami, akageukia wa nyuma. Lumala akimaliza mstari mmoja, Jotham anaurudia kwa sauti yake kubwa, neno kwa neno, kwa wa nyuma. Hakuongeza sifa. Hakupunguza. Hakuimba hata, alisema tu. Mtu wa nyuma kabisa alisikia kile alichosikia mtu wa mbele. Nyimbo nane hivyo.

Watu waliokuwako bado wanasema hawajawahi kusikia muziki kama ule. Ni kweli. Nilikuwa nimekaa mlangoni mwa gari na pembe zangu mbili na waya wangu na ufundi wangu wote, na siku ambayo Nakuru ilisikiliza kuliko siku zote, hakuna aliyehitaji spika. Ndiyo maana nasema Lumala alinikosea. Niliona wivu hadi nikataka gita likatike nyuzi. Halikukatika.

Kwenye wimbo wa tatu mtu alinigusa bega. Mtu wa makamo, koti la vumbi. "Ni wewe uliyekuwa ukitangaza huku nje?"

Nikasema ni mimi.

"Nimetoka Nairobi. Tulizuiwa kwa ukaguzi hapo Longonot mpaka tukachelewa. Sikuweza kuingia ndani, nimekaa kwa gari hapo barabarani nikisikiliza kipindi chote cha pili." Akatabasamu. "Yule na ndama wake! Nilisahau hata kuzima injini."

Vijana, mnajua nilichosikia moyoni. Sitaandika.

Halafu akasema, "Lakini nimeona wale wa reli ndio wana kikombe. Wameshinda ngapi?"

"Mbili kwa moja."

Alitazama pembe ya nje juu ya gari. Lumala alimaliza mstari, Jotham akaurudia juu ya pipa. "Ni wapi uliacha kuona?" mgeni akaniuliza, polepole, kama daktari.

Ningeweza kusema jua. Ningeweza kusema watu walisimama mbele. Lakini nilikuwa nimechoka kutunga. Nikasema, "Niliona yote."

"Hiyo ni mbaya zaidi," akasema. Na akageuza kichwa, akaanza kumsikiliza yule wa kwenye pipa.

Mengine mnayajua, maana mnayasikia kila Jumamosi. Jotham alikwenda Nairobi. Festo alinifukuza Jumatatu asubuhi, nikarudi kwa Mohinder kuchaji betri, na huko nimeacha kifua changu. Kabla ya kwenda, Jotham alikuja kibandani kuniaga. Alinyoosha mkono. Nikamwambia mikono yangu ina asidi. Haikuwa na asidi.

Kwa hivyo mkimtukana Jotham, mtukaneni kwa kipimo. Yeye alipendelea kwa sifa. Mimi nilipendelea kwa hesabu. Mtangazaji akisema mchezaji wenu amejikwaa, mcheke mwende nyumbani. Akisema goli halikuingia na limeingia, hapo ndipo watu huvutana kola. Lakini msiniombe nimpende. Sauti yake ikianza kwenye redio ya kinyozi bado nahisi kitu kinanichimba chini ya mbavu, na si kile kikohozi.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Miaka mingi baadaye niliitwa shamba moja huko Njoro kufufua betri ya trekta. Mzee mmoja, mkamuaji wa zamani, aliniletea chai, akauliza kama mimi ni wa Nakuru.

"Mpira bado mnacheza huko? Mimi nilikuwako ile siku Pareto tulichukua kikombe. Mbili kwa moja."

Mke wake alikuwa anachambua mboga mlangoni. "Mzee, kila mtu anasema ni Karakana walichukua."

"Kila mtu hakuwa kwa lori. Mimi nilisikia kwa masikio yangu!" Akaweka kikombe cha chai chini, akasimama, akainyoosha mikono yake kama mtu anayeelekeza mifugo. "'Anaenda, anaenda kama mtu anayefukuza ndama wake mwenyewe, hana haraka na hatamwacha...'" Aliisema yote, hata lile goli la pili, hata wale watu watatu. Hakuacha neno. Macho yake yalikuwa mbali. Halafu akaketi na kuniuliza, "Yule mtangazaji alienda wapi? Hakusikika tena."

Nikamwambia simjui.

"Alikuwa mzuri kuliko huyu wa redio," akasema. "Tulikuwa watu arobaini kwa lile lori, wote tunasema hivyo. Waliobaki."

Nikafunga vichwa vya betri, trekta ikawaka, nikarudi Nakuru. Jotham ana nchi nzima. Mimi nina lori moja, na kila mwaka watu wanashuka.